Nipe Mji

Ijumaa, saa tatu usiku, bando la kuungaunga,
Bi Somoe Nnunduma anatuma sauti kutoka Nachingwea.
Anakohoa kwanza, kama mwalimu anayefuta ubao,
kisha: "Leo ni tarehe na miaka. Mpo?"

Tupo.
Ditram yuko Ndanda, mstaafu asiye na usingizi.
Mfaume Likwata yuko Lindi, anafunga duka la vipuri
kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.
Mimi niko Masasi, nyuma ya kaunta ya dawa,
mhesabu pointi, kwa kalamu, mgongoni mwa boksi la panado.
Zawadi hakuna. Aliyewahi kuomba vocha
alijicheka mwenyewe kabla hatujamcheka.

"Mifupa ya Tendaguru. Wajerumani
walianza kuichimbua mwaka gani?"
"Tisa na tisa!" Mfaume, mbio, kama anayedai chenji.
"Sawa. Na nani waliibeba mpaka Lindi?"
"Hilo ni swali la pili?"
"Si swali. Nakukumbusha tu
kwamba mifupa haikutembea."

"Kimbunga kilichoipiga Lindi?"
Ditram hataji mwaka. Anasema:
"Mama alikuwa na mimba yangu, miezi saba.
Bati la jirani lilipita juu ya kisima likipiga mluzi."
Tunahesabu kwa vidole kurudi nyuma: hamsini na mbili.
Nampa pointi.
Mfaume analalamika kwamba mimba si jibu.

"Reli yetu ya Nachingwea, iling'olewa lini?"
Hapo kila mtu ana mwaka wake.
Mfaume, mbishi wetu, kanyamaza:
nguzo ya genge la baba yake ni kipande cha reli,
na sote tumewahi kuiegemea tukila mihogo.

Halafu likaja la mwisho.
"Machi kumi na nne, sabini na nne. Nini kilitokea?"

"Muungano!"
"Aprili, na miaka kumi kabla. Ulilala darasani?"
"Azimio!"
"Februari. Rudi ukalale."
"Kuna kiongozi alifariki?"
"Hakufa mtu."
Ditram alitaja mafuriko, akayafuta.
Mimi nilipekua kalenda ya ukutani, ile ya kampuni ya dawa,
inayojua siku ya malaria, siku ya figo, siku ya kunawa mikono.
Haikujua.

"Basi nipeni mji."
Tukampa Songea, akaukataa, baridi.
Tukampa Dodoma, akasema una wenyewe.
Mfaume akampa Lindi yote, pamoja na madeni ya duka lake.
"Nipeni Nachingwea."
"Si ndiko uliko?"
"Niliko, ndiyo. Lakini sijawahi kupewa."

Tukampa.

"Nikaenda, nikaenda, nikafika Nachingwea,
nikakuta foleni, malipo ya korosho yaliyochelewa.
Karani, bila kuniangalia, akanisogezea kidau cha wino,
akashika dole gumba langu kama anayeshika kuku.
Nikalivuta.
Nikamwambia: kalamu.
Miezi minane ya kisomo, jioni, na mtoto mgongoni.
Nikaandika Somoe. O ya kwanza ilikaa vizuri,
ya pili ikatoka kubwa kama sufuria.
Karani akangoja.
Watu nyuma yangu wakangoja.
Hiyo ndiyo Machi kumi na nne."

Mfaume, taratibu kuliko kawaida yake:
"Hilo haliko kwenye kitabu chochote."
"Liko kwenye daftari la ushirika,
kama mchwa hawakulila."

Kioo kikaonyesha mtu anaandika,
kikaonyesha ameacha,
anaandika tena.
Hatimaye Ditram: "Nimeiandika ukutani. Kwa mkaa.
Mke wangu atauliza."

Mimi nikageuza boksi la panado,
nikachora safu mpya, safu ya muuliza maswali,
ambayo kwa sheria zetu haipo.
Pointi ngapi, sikujua.
Dole gumba langu lilikuwa bado juu ya kioo,
hilohilo ninalojibia kila Ijumaa,
nikalitazama kana kwamba ni la mtu mwingine.

Dirishani mteja akagonga,
anataka dawa ya kikohozi cha mtoto,
na anauliza leo tarehe ngapi.